Nani Yuko Tayari Kwenda?

Leo Jumapili, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi. Nitasimulia yote, hata ya aibu yangu.

Vijana wa misheni wametoka ng'ambo kuja kutuokoa, sisi tuliobatizwa zamani kwetu Bukavu, Kongo!

Mimi ndiye mkalimani wao. Lakini kiongozi wao akataka kuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili alichokariri ndani ya ndege:

"Nani yuko tayari kwenda?"

Alisahau "mbinguni".

Jamani, kwetu wakimbizi "kwenda" ni kwenda kuishi Kanada!

Kanisa zima likanyoosha mikono.

Jirani yangu Mama Neema akaruka, akidhani ndiyo leo na basi linangoja: "Njo leo? Bisi iko wapi? Nibebe na sufuria?"

Kiongozi akatokwa na machozi. Roho nyingi hivi! Akapiga picha.

Nililijua kosa, lakini mkono wangu pia ulikuwa juu.

Sasa Mama Neema anafunga mizigo.

Nijibuni upesi: nimwambie nani ukweli kwanza, yeye au kiongozi mgeni?