Bustani ya Kushika kwa Mkono

Jumamosi, kwa wauza miche wa Ngong Road, nilimkuta mama mmoja akichagua mimea huku amefumba macho. Mumewe alisimama kando yake na ndoo. Mama alibonyeza jani nene la mshubiri, akatabasamu.

"Hii iko na maji ndani. Jua haitaimaliza."

Kisha akasugua rosmari, akanusa vidole vyake, akatulia kama mtu anayesikia akiitwa kutoka mbali.

"Mathe, nikuandikie majina kwa vibao usisahau?" muuzaji akauliza.

"Sitavisoma. Daktari amesema macho yanaenda. Nataka bustani yenye mkono wangu utajua."

"Si mimi nitakuwa nakuonyesha?" mumewe akasema polepole.

"Na siku hauko?"

Mzee aliweka ndoo chini, akafumba macho, akanyoosha mkono. Mkewe akauongoza hadi kwenye jani lenye manyoya laini.

"Hii ni gani?"

"Sijui."

"Basi shika tena."

Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta maua ya kuwapendeza wapita njia getini. Nilisimama pale, nami nimefumba macho, hadi muuzaji akaniuliza, "Na wewe, boss, unanunua ama unalala?"