Kifua cha Mamangu na Madaktari wa Uani

Mvua za masika zilipoanza, mamangu alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, bila makohozi wala homa, cha kumkereketa koo mpaka sauti ikatike katikati ya neno. Atakuwa anachambua mchele na kuzungumza vizuri, mara anashika kifua na kukohoa hadi machozi yanamtoka. Akimaliza anapangusa uso kwa pembe ya leso, anasema, "Ni baridi tu hii," kisha anaurudia mchele wake.

Mambo yangeishia hapo kama tungekuwa tunaishi peke yetu. Lakini nyumba yetu ya Chaani ni ya vyumba vya kupanga vinavyotazamana. Uani ni mmoja, bomba ni moja, na mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma wameshajua dawa yake. Jirani anayekaanga viazi alisema ni tangawizi, ipondwe na kuchemshwa mpaka maji yawe mekundu. Muuza mitumba akasema tangawizi ni kupoteza makaa, dawa ni kitunguu saumu kibichi, kitafunwe kabla ya kupiga mswaki. Mke wa bawabu akawacheka wote wawili. Kwake yeye hakukuwa na dawa isiyo na ndimu na asali, na asali yenyewe isiwe ya dukani. Walibishana mbele ya mamangu kana kwamba yeye ni sufuria wanayoshauriana watie nini. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Nieleweke. Sina ugomvi na tangawizi. Koo likikwaruza, mimi mwenyewe hukamua ndimu kwenye maji moto, nikatia kijiko cha asali, na hutulia. Ugomvi wangu ni na watu. Ni ile sauti wanayoitoa wanapotaja jani, sauti ya mtu aliyeshushiwa siri, ilhali hajui pafu liko upande gani na hana haja ya kujua. Mtu huyohuyo, pikipiki yake ikikataa kuwaka, hukimbilia kwa fundi.

Nilimwambia mamangu twende hospitali. Akasema tungoje mvua zipungue. Nikarudia wiki iliyofuata, akasema tungoje shangazi aje.

Shangazi akaja. Ni dada mkubwa wa marehemu babangu, anaishi Kaloleni, na kifo cha nduguye hakikumpunguzia hata chembe ya uwifi. Alishuka na mfuko wa majani uliofungwa kwa kamba ya katani, akaketi kwenye kiti cha pekee chenye mto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwamlisha nini huyu mpaka amekuwa hivi?"

"Tunakula sote chakula kimoja, shangazi."

"Basi ndiyo maana," akasema. Mpaka leo sijajua alikuwa na maana gani.

Sifa zake za utabibu nilizijua tangu utotoni. Aliwahi kumnywesha mjukuu wake maji ya majani ya mpera, na mtoto akapona mafua baada ya muda uleule ambao mafua huchukua kwisha yenyewe. Hapo akawa bingwa. Jioni ile ile alichukua jiko letu. Alichemsha majani ya mpera, akachemsha majani ya mwarobaini, ambao yeye huuita mkilifi, akasaga bizari na pilipili manga, na chumba kikanuka kama duka la dawa za mifugo. Mamangu alikunywa kila kitu. Yeye ni mtu asiyeweza kusema hapana mbele ya mkono ulioshika kikombe. Alikunywa, akakunja uso, akasema ahsante wifi, akakohoa.

"Mwaona?" shangazi akasema. "Kinatoka hicho."

Kesho yake hakikuwa kimetoka. Shangazi akasema kimeshuka chini, kinahitaji kitu cha kukifukuza, na akaulizia mafuta ya taa. Kijiko kimoja, alisema, na sukari juu yake, ndivyo walivyotibiwa wao wakiwa wadogo. Nilimwambia kuwa mafuta ya taa yakiingia mapafuni huua.

"Mimi yaliniua?" akaniuliza, kajishika kiuno.

Nililichukua lile dumu dogo tulilokuwa nalo, nikaenda nalo kazini. Ofisi yetu ya Changamwe, ya kutoa mizigo bandarini, ilinuka mafuta ya taa siku nzima, na wenzangu wakanidhihaki. Sikujali.

Siku hizo hizo alikuja mzee mmoja wa kanisa letu kumwombea mgonjwa. Ni mtu mpole wa sura, mwenye mkoba mweusi. Aliomba kwa kirefu, akaifukuza roho ya kikohozi kwa jina lake, akasema amina, na kabla hatujafumbua macho vizuri chupa ilikuwa imeshasimama mezani. Ilikuwa chupa ya soda iliyobanduliwa karatasi, ndani yake uji wa rangi ya tope.

"Hii haina kemikali, mama," akasema. "Ni asili tupu."

"Ina nini ndani, mzee?" nikamuuliza.

"Asali, kitunguu saumu, tangawizi, na kitu kingine nilichofunuliwa."

"Hicho kingine ndicho ninachouliza."

Mamangu alinifinya paja chini ya meza. Mzee akatabasamu, tabasamu la mtu anayewahurumia wasioamini, akataja bei. Shangazi ndiye aliyelipa. Mzee alipokwenda zake, shangazi akaifungua chupa, akainusa, akasema yule mzee ni tapeli na dawa yake ni sukari guru. Lakini akamnywesha wifi yake vilevile, isipotee.

Jumamosi iliyofuata nilitoka kazini adhuhuri. Nilipoingia uani niliwakuta wanawake wote wa nyumba wamesimama duara, na katikati yao kilima cha mablanketi. Chini ya kile kilima alikuwa mamangu, ameketi kwenye kigoda, ameinamia sufuria ya majani ya mkilifi na mkaratusi yaliyokuwa yakichemka. Shangazi alikuwa akizunguka akiyakanyaga mapindo ya blanketi ili mvuke usitoke. Jua la saa sita lilikuwa limesimama juu yetu, na mabati yalikuwa yakialika kwa joto.

"Amekaa humo tangu lini?" nikauliza.

"Wewe sikiliza tu," shangazi akasema, kidole juu. "Wasikia akikohoa?"

Kweli, hakuwa akikohoa. Wanawake walitikisa vichwa kwa kuridhika. Yule wa viazi akanong'ona kwamba sasa kimekatika. Mimi nilisikiliza, na sikusikia kikohozi wala pumzi.

Nikalishika blanketi.

"Usimfunue!" shangazi akapiga kelele. "Utayarudisha maradhi ndani!"

Nililivuta. Mamangu alikuwa rangi ya jivu, macho nusu wazi, midomo ikicheza bila neno. Akaniegemea, kisha akaanguka ubavu, na sufuria ikapinduka. Maji ya moto yakatambaa kwenye saruji, na wale madaktari wote wakaruka juu ya ndoo na vigoda kama kuku walioona nyoka. Muuza mitumba peke yake ndiye aliyenisaidia kumbeba mpaka kivulini. Tulimpepea, tukamlowesha uso, akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa kumwomba radhi shangazi kwa kumwaga dawa.

Tulimpakia kwenye tuktuk. Shangazi naye akapanda, hakuna aliyemwalika.

Kwenye dispensari tulionwa na daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya uchovu. Alimpima presha mara mbili, akamtia maji ya mshipa, akamsikiliza mgongo na kifua kwa utulivu. Akamtuma maabara na kwenye picha ya kifua, ahakikishe si TB. Majibu yalikuwa safi. Ndipo akavuta kiti, akamuuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

Nilifungua mdomo nijibu hapana. Mamangu akanitazama, akamtazama shangazi, akainamisha kichwa. Polepole akalifungua fundo la leso, na ndani yake mkawa na pakiti ya vidonge iliyokwisha nusu.

Alikuwa amepimwa bure na watu wa afya waliokuja uwanjani, kabla ya mvua. Wakamkuta na presha, wakampa vidonge na kumwambia arudi kliniki. Hakumwambia mtu. Uani kwetu, mwanamke mwenye presha huambiwa ana kinyongo moyoni, na kila mtu hujipa ruhusa ya kukisia kinyongo hicho ni cha nani.

Daktari aliisoma pakiti. "Baadhi ya watu, dawa hii huwaletea kikohozi kikavu," akasema. "Usiache dawa mwenyewe, mama, presha itapanda. Nakuandikia ya aina nyingine. Kikohozi kitapungua kidogo kidogo, kitakwisha."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Tangawizi, saumu, mpera, mkilifi, roho ya kikohozi imefukuzwa kwa jina lake, na muda wote huo kikohozi kilikuwa kikimezwa kila asubuhi kwa maji safi.

Nikamgeukia shangazi, nikidhani angalau atanyamaza. Uso wake ulikuwa ukimeremeta.

"Si nilisema?" akasema. "Dawa za hospitali ni sumu!"

Daktari akaanza kumweleza. Akamweleza kwa upole, mara ya pili kwa upole zaidi, na shangazi akawa anaitikia "ehe, ehe," huku akinitazama mimi kwa ushindi. Kuna watu ambao huwezi kuwashinda, kwa sababu hawajui kwamba kulikuwa na swali.

Mamangu alibadilishiwa vidonge. Kikohozi kilififia, siku moja nikagundua kwamba amemaliza kusimulia kisa kirefu bila kukatika sauti. Kufikia hapo shangazi alikuwa amesharudi Kaloleni, akituachia kauli kwamba mafusho ndiyo yaliyomponya wifi yake, na yangemponya upesi zaidi kama nisingeingilia. Jirani wa viazi alidai ni tangawizi. Mke wa bawabu alisema kama si asali ile, tungekuwa tunazungumza mengine.

Kanisani, yule mzee aliinuka wakati wa ushuhuda, akamwomba mamangu asimame ili watu waone. Mamangu akasimama. Nikasema moyoni, sasa waambie.

"Namshukuru Mungu nimepona," akasema. "Na nawashukuru wote walionihangaikia."

Watu wakapiga makofi. Ibada ilipokwisha, mzee alikuwa nje karibu na lango, chupa zake zimejaa ndani ya beseni, na foleni imeshafika barabarani. Nilimshika mamangu mkono nikamvuta pembeni.

"Kwa nini hukusema ukweli?"

"Niseme nini? Nisimame mbele ya kanisa zima niwatangazie kuwa nina presha?"

"Lakini yule anauza uongo kwa jina lako."

"Anauza asali na saumu. Haviui mtu. Na wewe usiende kumwambia, nakujua."

Tukapita mbele ya foleni. Mzee aliponiona, tabasamu lake lile lile likamjaa usoni. "Binti, si unaona? Mama amepona!"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lingetosha kuitawanya ile foleni yote. Lakini halikuwa neno langu, na mwenyewe alikuwa amesimama kando yangu, ameikaza leso mabegani, akitazama chini.

"Amepona, mzee," nikasema.

Akanipa chupa moja ya bure. Ninamdharau mpaka leo, na chupa niliichukua. Mamangu huitia kijiko kimoja kimoja kwenye chai, asema ni tamu. Vidonge vyake humeza baadaye, akishafunga mlango, na sasa mimi ndiye ninayemshikia maji.