Bakshishi Niliyoiacha Chini ya Mto

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa wenzangu hapa Muleba wameshaieneza habari hii kila mmoja kwa chumvi yake, bora niieleze mwenyewe niliyeumbuka.

Deo, mtoto wa kaka yangu, alipata mchumba pale mji mdogo wa Kamuli, kule Kyerwa, na ukoo ukanichagua mimi niwe mshenga, eti kwa sababu nauza mabati na saruji na nimezoea kubembeleza watu. Mimi na Deo tukafika jioni, siku moja kabla ya posa, tukachukua vyumba viwili kwenye gesti moja pale senta. Baridi ya kule, jamani! Mhudumu wa vyumba, mama mmoja mpole anaitwa Devota, aliniona natetemeka kwenye korido, akaniletea blanketi la pili bila kuombwa. Nikalala kama mtoto.

Asubuhi nikataka kumshukuru. Hapo ningemwita tu, nikampa mkononi, yakaisha. Lakini shemeji yangu mmoja aliyewahi kukaa Dar es Salaam alishanifundisha kwamba mtu mstaarabu hampi mhudumu bakshishi mkononi, anaiacha chini ya mto, aikute wakati anatandika. Basi na mimi ustaarabu ukanipanda kichwani, nikaweka noti ya elfu kumi chini ya mto, nikaona haitoshi (kiherehere changu hiki!), nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika: "Dada Devota, asante kwa joto la jana. Mungu akubariki." Na jina langu nikaliweka chini, kabisa, kama mtu anayesaini mkataba.

Saa nne tukawa sebuleni kwa wakwe, ambako pale gesti walishajua tunakwenda. Wazee wamejaa, na mbele yangu amekaa shangazi wa binti, Ma Paskazia, ambaye tulishaambiwa kwamba akikataa yeye, hakuna wa kukubali. Shikamoo zimeisha, rubisi, ile pombe ya ndizi, imemiminwa, nimesimama, nimesafisha koo, nimeanza, "Sisi watu wa Muleba ni watu wa heshima," ndipo pikipiki ikanguruma uani, akaingia Devota na sare yake ya kazi, jasho linamtoka.

Akapiga goti, akaamkia wazee, kisha akanigeukia.

"Baba, hela yako uliyoniachia kitandani nimeirudisha. Mimi ni mke wa mtu."

Na mimi, badala ya kueleza, nikasema (mpaka leo sijui kwa nini), "Hela hiyo si yangu."

"Si yako?" Akatoa ile karatasi. "Na jina hili ni la nani?"

Ma Paskazia akanyoosha mkono, akaipokea, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo kanisani. Alipofika kwenye "joto la jana" akanitazama juu ya miwani, akarudia tena.

"Mawe!" akaguta bibi mmoja kule nyuma, yaani "Mama wee!" kwa Kihaya.

"Joto gani, waitu, jamani?" akauliza shangazi.

"La blanketi," nikajibu, ila sauti ilinitoka kama ya mwizi, nikaona niongeze shahidi. "Muulizeni Deo!"

"Mimi nililala mapema," akasema Deo. (Ndiyo, Deo huyohuyo ninayemtafutia mke.)

Aliyeniokoa ni Devota mwenyewe. "Blanketi nilimpelekea kweli, nikamkabidhi mlangoni, sikuingia. Lakini tulikuwa na meneja wakati natandua, akaona hela na barua, akasema nisipoirudisha mbele ya mashahidi nisikanyage tena kazini. Na mume wangu akiyasikia haya kwa watu kabla hajayasikia kwangu, nitamweleza nini?"

Hapo ndipo nilipoacha kujihurumia. Nilikuwa nahesabu aibu yangu tu, kumbe mwenzangu nilishamweka kwenye hatari ya kukosa kazi na ndoa asubuhi moja.

"Ulishindwa nini kumpa mkononi?" shangazi akaniuliza.

"Niliambiwa ule ndio ustaarabu, mama."

"Wa wapi?"

Nikampigia meneja simu mbele ya wote, nikaeleza habari ya blanketi tangu mwanzo, nikaomba radhi, naye akakubali Devota arudi kazini. Kisha nikamkabidhi Devota elfu kumi yake pamoja na nauli ya pikipiki. "Sema asante, na sisi tusikie," Ma Paskazia akaamuru, nikasema, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kama mtoto wa chekechea. Devota akapokea kwa mikono miwili, akaaga, akaondoka.

Posa haikuzungumzwa siku ile. "Rudini mwezi ujao," walisema, "na mshenga mwingine." Deo hakunisemesha njia nzima. Alioa, namshukuru Mungu, ila mimi pale harusini nilipangiwa kusimamia maegesho.

Tangu siku hiyo sijaacha kitu kitandani, hata gazeti. Namwita mhudumu pale mapokezi, watu wanaona, nampa mkononi, nasema, "Asante kwa usafi," basi. Juzi nilikuwa Kayanga, nikaambiwa mhudumu kaenda sokoni. Wakaniambia niache tu hela mezani, watampa. Nikakataa, nikakaa kwenye kiti cha plastiki saa moja na nusu nikimsubiri, gari la Muleba likaniacha. Liende.