Gauni la Kipaimara na Ukungu wa Magamba

Utoto wangu unanuka moshi wa kuni mbichi. Sisi wa Magamba, pembeni mwa msitu juu ya Lushoto, hatukuwa na jua la kuanikia. Kuanzia masika mpaka Agosti ukungu ulishuka kutoka msituni asubuhi, ukaingia jikoni bila hodi na kukaa mpaka jioni. Chumvi ililowa ndani ya kopo, kiberiti kilitunzwa kifuani mwa Mama, na viatu vilivyosahauliwa wiki moja chini ya kitanda viliota kuvu. Nguo tulizianika kwenye uchaga, vile vijiti vilivyotandazwa juu ya mafiga, zikakauka baada ya siku mbili zikiwa na rangi ya chai. Mwalimu wetu, mtu wa Pangani, alilalamika kwamba darasa zima linanuka samaki wa kubanika. Hatukumwelewa, maana sisi tulijua hivyo ndivyo nguo safi inavyonuka.

Zamu yangu ya kupata kipaimara ilifika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kupanda mlima kwa marobota. Mchungaji alikwisha kutangaza: msichana asiye na gauni jeupe atasubiri darasa la mwakani, na sweta juu ya gauni ni marufuku, hata baridi iweje. Nilikuwa nimekalia benchi la mafundisho miaka miwili, katekisimu naisema hata usingizini, na sikutaka kubaki na watoto waliokuwa bado wanafuta kamasi kwa mkono. Niliogopa kweli kweli. Kwa hiyo Mama alipouza karoti zake na kurudi kutoka gulio la Lushoto na gauni jeupe la kung'aa, lenye marinda na kola ya bibi harusi, nililia kwa furaha. Muuzaji alimwambia kwamba gauni lile halitaki pasi. Mama akaichukua kauli hiyo kuwa sifa, akawasimulia majirani wote.

Jumamosi akalifua. Ukungu wa siku hiyo ulikuwa mzito hata ng'ombe wetu tulimsikia tu, hatukumwona. Leo najua lile gauni lilikuwa la nailoni, na lingetundikwa tu nyuma ya mlango lingekauka kabla ugali haujaiva. Lakini nani angemwambia Mama? Yeye alijua pamba, na pamba ya Magamba hukauka juu ya moto. Akachochea kuni, akalitandaza uchagani kwa heshima zote, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi niliachiwa kazi ya kufukuza moshi usilichafue, nikapepea kwa ungo kwa bidii yangu yote, kumbe naukoleza moto. Kwanza marinda yakajikunja, nikadhani ndiyo kukauka kwenyewe. Halafu mgongo ukaanza kutoboka, tundu likapanuka taratibu, nikawa naviona vijiti vya uchaga katikati ya gauni langu.

Mama aliporudi alisimama mlangoni na mzigo wa majani kichwani, akasahau kuutua. Sikuchapwa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alitafuta kiraka nyumba nzima, lakini kila kitambaa chetu cheupe kilikuwa na rangi ya chai.

"Upande wa mbele ni mzima," akasema mwishowe. "Utalivaa."

Jumapili niliingia kanisani kiubavubavu, mgongo ukutani. Kwenye benchi mambo yalikuwa salama. Shida ilikuwa madhabahuni, ambako ungepiga magoti na kuwapa mgongo watu wote. Jina langu lilipoitwa nilisimama, baridi ikanipiga kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Hapo nikasikia nyayo. Mama, na kitenge chake kizuri, alikuwa amenigandia nyuma. Nilipopiga hatua naye alipiga, nilipopiga magoti naye akapiga. Mzazi hakuwa na ruhusa ya kufika pale. Mchungaji akabaki na mkono hewani.

"Mama, wewe si ulishapata kipaimara?" akauliza kwa upole.

"Nilipata, Mchungaji. Lakini baridi ya leo imezidi. Naomba nimkinge mtoto."

Mchungaji akachungulia nyuma yangu, akaona, akauma midomo ili asicheke. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea, kisha akamwombea na Mama.

Sasa naishi Dar es Salaam, ambako nguo ya kwanza hukauka kabla sijamaliza kuanika ya mwisho. Wa nyumbani wanasema hata ukungu wa Magamba siku hizi unachelewa kuja na unaondoka mapema. Binti yangu alipata kipaimara mwaka jana kwa gauni la kukodi, safi, zima, lisilonuka chochote. Hakuna kilichoharibika. Nilikaa safu ya nne na simu mkononi kama wazazi wengine. Walipomwita jina akaenda mbele peke yake, nami nikajikuta nimesimama kwenye njia ya katikati, mpaka mzee wa kanisa akanishika mkono akaniomba nirudi nikae, nawaziba watu.