Uso wa Zubeda Uliotiririka

Sijaona, binti wa fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi, alianza masomo ya uchoraji mwaka 1997, katika shule ndogo karibu na Quartier Asiatique. Nchi ilikuwa vitani, tena imewekewa vikwazo vya biashara, na rangi hazikupatikana dukani wala sokoni. Siku ya kwanza mwalimu Audace alikaza tai yake, akawaambia wanafunzi, "Kila mutu achore na kile kiko nyumbani kwao."

Nyumbani kwa kina Sijaona kulikuwa na oili chafu na vumbi la matofali. Kwa vitu hivyo viwili akamchora shangazi yake, Zubeda, muhula mzima.

Siku ya kuwasilisha kazi walimu waliketi mbele. Kabla Sijaona hajafungua mdomo, risasi zikalia upande wa milimani. Wote wakalala chini. Picha tu ndiyo iliyobaki imesimama.

"Endelea," Audace akasema kutoka chini ya meza. "Tunakusikia."

Sijaona, shavu likiwa kwenye sementi, akaeleza jinsi alivyochora. Mwalimu Béatrice akainua kichwa kidogo.

"Hilo jicho, mbona linashuka?"

"Ni oili, madame. Haiyakauka."

Wakatazama. Kweli, jicho la kulia lilikuwa likiteremka polepole shavuni.

"Sasa liko karibu na mdomo," Audace akasema, akiandika.

Risasi zilipokoma walisimama, wakajipangusa vumbi, na ubishi ukaanza. Béatrice alisema alipokuwa amelala aliona kazi kubwa. Sasa amesimama, anaona oili tu. Wakabishana mpaka saa ya kafyu ikakaribia. Mwishowe walimu wote wakalala tena, kwa hiari yao, wakatoa maksi wakiwa hapo chini: kumi na nne juu ya ishirini.

Zubeda alipoiona picha alisogea karibu nayo.

"Juu ya nini umenichora nalia?"

"Ni oili, shangazi."

Hata hivyo akaitundika sebuleni, akaweka beseni chini yake. Asubuhi jirani yao Khadidja alipita mlangoni, akauona ule uso, akavua viatu. "Inna lillahi," akasema, akakaa mkekani. Wengine wakamfuata, mmoja na sukari, mwingine na mkaa. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Miaka ile kuuliza kulikuwa kukosa adabu.

Sijaona akamnong'oneza shangazi yake, "Tuwaambie ni picha tu?"

"Apana." Zubeda akavuta kanga kichwani. "Ni Moubarak," akawaambia wageni.

Moubarak alikuwa mumewe. Alikwenda mtaa wa Kamenge kutafuta vipuri miaka miwili nyuma, wakati wa mapigano, hakurudi. Maiti haikuonekana, na matanga hayakuwekwa. Sasa Zubeda akalia kwa sauti, wanawake wakamshika mabega. Sijaona akaenda jikoni kuchemsha chai, maana watu walikuwa bado wanaingia.