Chumvi ya Kiganja

Siku ile nyumbani kwetu Temeke tulikuwa wanne. Mie, binti yangu kitinda mimba, mwanawe wa miezi kumi, yaani mjukuu wangu, na shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye mumewe na marehemu wangu walinyonya ziwa moja. Majina yote ninayo kichwani, hata la paka. Siyaandiki, maana wengine wako hai na wana maneno.

Kazi yangu ni achari. Embe nanunuaga Mabibo, nazikata, nazitia chumvi. Asubuhi embe limesinyaa na sufuria ina maji. Shule sikukaa sana, lakini hilo nalijua.

Mtoto aliamka anaharisha. Binti yangu akachemsha maji lita moja, akasema, "Mama, sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko," akatoka kutafuta bajaji. Mie chumvi sijawahi kuipima kwa kijiko. Nikatia kwa kiganja.

Shoga yangu akaonja. "Mwenzangu, haya si maji ya bahari ya Kawe haya?"

"Dawa si chai," nikamjibu.

Tukamnywesha mtoto. Akazidi kuharisha. Bajaji inafika, macho yameshaingia ndani, analia bila machozi.

Zahanati, muuguzi msichana akanipa shikamoo, akaomba chupa tuliyobebea yale maji. Akaonja, akayatema.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Achari."

"Basi utanielewa. Utumbo kwa ndani una utando, umejengwa na seli zilizopangana safu moja kama vigae. Maji yanapita, lakini si kila kitu kinapita. Chumvi kidogo na sukari vikiingia pamoja, maji yanavifuata mwilini. Chumvi ikijaa utumboni, maji ya mwili yanatoka kuifuata. Bibi, umemfanya mjukuu wako achari."

"Pilipili sijatia," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Binti yangu alikuwa ananitazama mkono.

Wakachanganya dawa yao ya pakiti na maji. Nikampakata mtoto, mama yake akamnywesha kijiko kimoja kimoja. Adhuhuri imeshaadhiniwa, mtoto, aliyekuwa hajakojoa tangu asubuhi, akanikojolea. Kanga ilikuwa mpya, doti ya Idi. Muuguzi akasema, "Alhamdulillahi." Nami nikasema hivyo hivyo, nikaiacha ilowe.

Siku hizi jikoni kuna kijiko kimefungwa uzi kwenye kopo la chumvi. Alifunga binti yangu. Sijauliza.

Nimeandika kiganja kimoja. Kama nimekosea, mliokuwepo nisahihisheni. Shoga yangu anasema vilikuwa viwili, huyo nimeshamsikia.