Madawati Mawili Matupu

Kisiwani kwetu, katika visiwa vya Ha'apai, kidato cha pili ni darasa moja tu, ndiyo maana Feleti, mtoto wa kaka yangu, anasoma pamoja na Kalolaine, binti wa baba yake mdogo. Kwetu Tonga huyo ni dada yake kabisa, na mambo ya mwili hayatajwi kaka na dada wakiwa pamoja. Kwa hiyo mwalimu mgeni wa sayansi alipoanza somo la uzazi, Feleti aliinuka akatoka.

"Ukitoka tena, sifuri!" mwalimu alimfokea.

Jioni kijana alinijia, macho mekundu. "Shangazi, nitafeli. Baba atanirudisha shambani kuchimba viazi vikuu. Nifanyeje?"

"Si umwambie Kalolaine mpeane zamu?"

"Zamu ya nini, Shangazi? Nitaanzaje hata kulitaja somo hilo mbele yake?"

Nikabaki na hasira. Siku ya kipindi cha mwisho kabla ya mtihani nilikwenda shuleni kumpa yule mwalimu vipande vyake. Mvua ilikuwa inanyesha. Nyuma ya darasa nikamkuta Feleti ameloa chapachapa. Nikampita, nikazunguka kwenda mlangoni. Kwenye kona ya mbele alikuwa amesimama Kalolaine, amekumbatia kitabu, anatetemeka.

"Na wewe huku nje unafanya nini?"

"Leo sikuingia, Shangazi. Nimemwachia kaka nafasi," alisema, meno yakigongana. "Yumo ndani, eti?"

Nilichungulia dirishani. Kipindi kilikuwa kimekwisha, mwalimu anafuta ubao.